Gofu likiwa jirani, mtazame mtoto nyayo

Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vina magofu ambayo watoto hawapiti bila kuchungulia. Ndani kuna ngazi, popo na giza la kujifichia.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za ghorofani zikibebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza kwenye ncha iliyozama ukutani, pasipoonekana, huku sakafu ikionekana nzima. Hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki dunia.

Aliyeanguka na kulalamikia shingo au mgongo asiinuliwe kwa pupa, ita msaada. Linalodharauliwa ni tundu la msumari uliopenya kandambili. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo, na dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya siku 3 hadi 21, kidonda pengine kimeshasahaulika. Kioshe kwa maji mengi safi na sabuni, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, na kadi yake ya kliniki, ili ijulikane kama anahitaji chanjo.

Anayeogopa fimbo huficha mguu. Mtazame nyayo jioni anapooga.