Mlio Nilioukataa kwenye Kona za Soni

Mimi ni mama wa mboga wa Lukozi, huku milimani Usambara. Nilianza kwa kukodi nafasi ya magunia machache kwenye magari ya watu, nikipeleka kabichi na karoti Dar es Salaam, mpaka Mungu akanijalia kununua Fuso langu la tani 7. Natoa ushuhuda huu kwa sababu gari hilo nusura lituue, na kosa halikuwa la gari.

Barabara yetu inajulikana. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi unapanda karibu mita 1,000: mlima upande huu, korongo upande ule, kona juu ya kona hadi Soni na kuendelea. Tukishuka tunabeba mboga. Tukipanda hatupendi kurudi na gari tupu, basi tunapakia saruji ya Tanga, mbolea, chumvi na unga. Ni katika kupanda huko ndipo difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu, hulipa gharama ya tamaa ya mwenye gari.

Dereva wangu aliniambia mapema. "Mama, difu linavuma. Nikikanyaga mafuta linalia, nikiachia linanyamaza." Nikamjibu, "Mwanangu, gari gani lisilolia kwenye mlima huu? Wewe endesha." Baada ya wiki chache akasema oili inavuja kwenye sili ya pinioni. Nikanunua lita moja ya kuongezea, nikaona nimemaliza. Na mzigo sikupunguza. Mifuko 140 ya saruji ya kilo 50 ndiyo tani 7. Mimi nilikuwa nikipakia 200, yaani tani 10, kwa sababu mifuko ile 60 ya ziada ilinipa faida ya shilingi 90,000 kila safari.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, na nilikuwa ndani ya gari. Tulikuwa tunapanda kwa gia ya kwanza, hatujafika Soni. Nikasikia kitu kikisagika chini yetu, kisha mshindo. Injini ikanguruma, gari halivuti. Likaanza kurudi nyuma. Dereva akavuta hendibreki, gari likaendelea kurudi. Baadaye nilielezwa kwamba kwenye Fuso kama langu hendibreki hukamata shafti nyuma ya giaboksi, haikamati magurudumu. Difu likikatika meno, hendibreki hiyo inabaki imeshika chuma kisichoshikana na tairi. Kilichotuokoa ni mguu wa dereva kwenye breki, na utingo aliyeruka na kigogo akakisukumia nyuma ya tairi. Nilipoteremka nikatazama nyuma yetu: basi dogo limejaa abiria, na watoto madirishani. Miguu iliniishia nguvu, nikakaa chini kwenye tope.

Kisha ikaanza adha ya matengenezo. Ilibidi tutafute gari la kuhamishia saruji, na vibarua, huku mvua inanyesha. Mifuko 34 ililoa. Utingo alilala pale kulinda. Fundi alipanda kutoka Mombo, akachomoa ekseli, akashusha kichwa cha difu, akanionyesha: pinioni imekatika meno, kraunwili imeliwa, oili nyeusi imejaa vumbi la chuma linalong'aa. Nikatuma pesa kwa muuzaji spea wa Gerezani, Dar es Salaam, nikaagiza "kraunwili na pinioni ya Fuso". Spea zikaja kwa basi. Fundi akahesabu meno, akatikisa kichwa.

"Mama, Fuso ni jina la gari, difu linajulikana kwa meno. Lako ni 40 kwa 6, wamekuletea 41 kwa 7. Hii hata ikikubali kuingia, mlima utaikataa."

Akanifafanulia kwamba 40 kwa 6, yaani meno 40 ya kraunwili kwa 6 ya pinioni, huzidisha nguvu ya injini mara 6 na zaidi kidogo ya nusu, wakati 41 kwa 7 haifiki hata mara 6. Kumbe kosa lilikuwa langu, sikumpa muuzaji hesabu ya meno wala namba ya chasisi. Kurudisha na kuletewa nyingine kukala siku nne.

Wahenga wa biashara wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikafungua daftari. Spea, beringi na sili: 2,400,000. Fundi na msaidizi wake: 350,000. Gari la kuhamisha na vibarua: 400,000. Nauli na ulinzi: 180,000. Saruji iliyoloa: 578,000. Jumla shilingi 3,908,000, na sijahesabu siku 16 gari liko juu ya mawe. Nikagawanya kwa ile 90,000 yangu. Ningehitaji safari 44 za kuzidisha mzigo kulipia safari hii moja.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni kitu kidogo alichonionyesha fundi juu ya kava la difu: kitundu cha kupumulia. Kilikuwa kimezibwa na tope la Lukozi. Difu likipata moto na hewa ikakosa pa kutokea, husukuma oili nje kupitia sili. Oili ikipungua, beringi huchakaa, pinioni hulegea, mlio huanza. Kusafisha kitundu kile ni kazi ya dakika tano na kipande cha waya.

Nilimwita dereva mbele ya utingo nikamwomba radhi. "Mwanangu, uliniambia, nikakukatalia. Nisamehe." Tangu siku hiyo gari langu halipandi na zaidi ya mifuko 140. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Zamani nilidhani inalinda lami ya serikali tu, sasa najua difu langu limekaa ndani ya ekseli hiyohiyo. Kila safari naweka shilingi 50,000 za matengenezo kabla sijagusa faida. Oili mpya ya difu tuliimwaga baada ya kilomita 1,000 za kwanza ili kuondoa chembe za meno mapya, na kila tunapobadilisha tunaitazama nati ya kumwagia oili, yenye sumaku, imeshika nini. Namba ya chasisi na hesabu ya meno zimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Na dereva ana ruhusa ya kulaza gari bila kuniuliza.

Ndugu zangu wenye magari, wa Lushoto na wa milima mingine: dereva wako anasikia lile usilolisikia wewe uliyekaa sokoni. Akikuambia difu linavuma, usimwambie aendeshe. Simamisha gari siku hiyohiyo, fungua, tazama. Nyuma yake kwenye kona kuna basi, na ndani ya basi kuna watoto wa watu.