Pale Mama Alipokuwa Ananyamaza

Hapa Nyarugusu, mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda, mara nyingi anaanza na tarehe. Niliokoka tarehe fulani, siku ileile nikaacha pombe, nikaacha ugomvi, Bwana asifiwe. Kanisa linajibu Amina. Sina ubaya na tarehe hizo, wengine kweli waligeuka kwa siku moja. Lakini vijana ninaokaa nao Jumamosi wananiuliza: Yaya, na sisi ambao hatuna tarehe?

Mama yangu hana tarehe. Alikimbia Fizi wakati wa vita vya 1996, akavuka ziwa kwa mtumbwi, nyuma nyumba imeshachomwa. Mimi nimezaliwa hapahapa kambini. Kila jioni tulisali Sala ya Bwana kabla ya kulala, na tukifika pale pa kusamehe waliotukosea, sauti ya mama inakatika. Sisi watoto tunaendelea, yeye anajiunga tena mbele kidogo. Nilidhani ndivyo wamama wote wanavyosali.

Nilipokuwa darasa la sita nikamwuliza. Akasema, "Pale sijafika. Nikisema, nitakuwa ninadanganya Mungu." Kisha akaniambia nikafunike unga, panya wasiingie.

Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa maelfu. Kambi ikajaa, maneno yakawa mengi: kuni zitaisha, maji hayatoshi. Mama naye alinung'unika, nisimpambe. Waliomchomea nyumba hawakuwa hawa, lakini moyo wake ulikuwa umewafungia wageni wote mlango mmoja. Hata hivyo jirani Mrundi alipojifungua, mama alimpelekea uji. Siku ya kwanza aliuweka mlangoni akarudi. Baadaye wakawa wanaenda bombani pamoja. Mgao ulipopunguzwa 2023, waliazimana unga kwa kikombe, bila kuandikiana deni.

Jioni aliyoanza kulitamka lile neno hakuna aliyeiandika. Kwanza ilikuwa midomo tu, bila sauti. Siku hizi analisema, ila wiki ambayo habari za Fizi ni mbaya, sauti inakatika tena. Ndugu zetu wa mashirika wana fomu zenye "kabla" na "baada". Sijui mama angejaza wapi.

Vijana huwa nawasomea habari za Petro. Kumkana Bwana mpaka jogoo akawika, hiyo kila mtu anaijua. Wagalatia sura ya 2 haisomwi sana. Ni miaka mingi baada ya Pentekoste, Petro tayari ni nguzo ya kanisa. Huko Antiokia alikuwa anakula na watu wa mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga. Paulo alimkemea mbele ya wote, na kwa haki. Lakini hakumwambia kwamba imani yake yote ya nyuma ilikuwa bure.

Mimi naona tunapenda tarehe kwa sababu hapa kila kitu kingine kinachelewa. Unangoja mgao, unangoja usaili, unangoja jina lako kwenye ubao. Kanisani angalau tunataka jambo liishe leo.

Na hapo watu wanaumia. Kuna kijana wetu mmoja, mpiga gitaa wa kwaya. Alikuwa anakunywa kila siku, akaacha miezi saba. Januari 2025 safari za Marekani ziliposimamishwa, familia yao ikiwa imeshauza vyombo, akanywa jioni moja. Akavuliwa sare ya kwaya, akaambiwa aanze upya kama mtu asiyewahi kumjua Mungu. Ile miezi saba imeenda wapi?

Nimewaomba wazee wamruhusu akae mazoezini, hata kama hapigi. Mmoja alisema tutaharibu wengine. Mwingine aliuliza kama bado anakuja ibadani. Anakuja, anakaa nyuma karibu na mlango. Wazee watakutana tena Alhamisi. Gitaa liko kwa mwalimu wa kwaya, limefunikwa kitenge, na hakuna mwingine aliyepewa.