Pima 20 za Ukili

Mama mkwe wangu wa Kilwa Masoko si mtu wa maneno mengi. Miaka minne ya ndoa, mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, mmekula? Wakwe zake wengine wawili aliwashonea mkeka wa harusi. Mimi, binti wa Tukuyu ninayefanya kazi benki Dar, sikupewa. "Wako utausuka mwenyewe," aliniambia likizo iliyopita, akanisogezea fungu la ukindu.

Wenzangu wa mjini, msidhani mkeka unafumwa mzima mzima kama kitambaa. Hakuna kitanda cha mfumi hapa. Kitanda ni mapaja yako na vidole vyako. Majani ya mkindu yanaanikwa, yanachanwa kwa ukucha au sindano mpaka yawe chane nyembamba zinazolingana. Za rangi zinachemshwa sufuriani. Ndipo unasuka ukili, utepe wa upana wa vidole vinne, unaokwenda weee, huku unauviringisha. Ukishatosha, unashonwa ubavu kwa ubavu. Mkeka wa kulalia watu wawili, kwa hesabu ya mama, unakula pima 20. Siku ya kwanza nilimaliza shubiri moja! Vidole viliwaka kama nimeshinda nakatakata pilipili.

Kazi hizi Kilwa si za jana. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alikuta vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Wengi tunavuka kwenda kupiga picha Msikiti Mkuu na kurudi. Siku hizi mimi nawawaza waliokaa wakisokota. Uzi wao ulikwisha, ukili upo.

Lakini ninalotaka kuwaambia hasa ni hili: mtu anayesuka hakutazami usoni. Siku ya tatu, tukiwa barazani, mama macho yakiwa kwenye ukili wake, akasema, "Mumeo nilimpata mwaka wa saba wa ndoa. Walisema mengi." Basi. Akaendelea kusuka. Mimi na mume wangu hatuna mtoto, na ukweni hakuna aliyewahi kulitaja hilo mbele yangu. Nililia palepale, machozi yakadondokea chane. Mama akasema zikilowa kidogo ndiyo zinasukika vizuri.

Nilirudi Tabata na furushi la ukindu. Mume wangu akacheka. Kwao mwanamume anasuka dema la kuvulia samaki, mkeka ni kazi ya kike. Wiki ya pili akachoka kuangalia mpira peke yake, akaja kunisaidia kuchana. (Anachana vibaya, hii nene hii nyembamba, lakini anachana.) Siku hizi TV tunaizima mapema.

Suala la hospitali lilikuwa limeshatugombanisha mara tatu. Mimi nilikwenda kupima peke yangu, yeye hakutaka hata kusikia. Usiku mmoja, mikono ikiwa kazini, nikamweleza alichoniambia mama yake. Hakuwa anajua. Akachana kimya, moja, mbili, ya tatu ikamkatikia. Kisha akasema, "Jumatatu naomba ruhusa kazini. Twende wote."

Tumekwenda. Majibu bado. Ukili wangu umefika pima 11.