Gamba la Baiskeli na Mlima wa Bulwa

Je, baiskeli ikivikwa gamba la kukinga upepo, faida yake inalingana na gharama? Mtu wa milimani akiulizwa swali hilo huenda akacheka, kwa maana huku Bulwa, kwenye Usambara ya Mashariki, baiskeli nyingi hazina hata madigadi. Lakini swali si la mzaha. Mwaka huu liliingia nyumbani kwangu, nalo liliingia likidai fedha.

Kwanza, ndugu msomaji, nikueleze chombo chenyewe. Si baiskeli tuliyoizoea, ambayo mpandaji huketi juu ya tandiko akainamia usukani. Hii ni baiskeli ya kuegemea: mtu hukaa chini, mgongo umeegemea kama wa mzee aliye kwenye kiti cha uvivu, na miguu imenyooshwa mbele kwenye pedali. Gamba ni ganda jepesi la plastiki au kitambaa kigumu ambalo humfunika mpandaji, ama upande wa mbele tu, ama mwili mzima mithili ya kobe. Kazi yake ni kuifanya hewa ipite kando kwa ulaini badala ya kugonga kifua na magoti.

Kwamba gamba hufanya kazi, hapana shaka hata kidogo. Mwaka 1933, mjini Paris, Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1914. Faure hakuwa miongoni mwa waendeshaji wakubwa wa siku zile, na labda ndiyo maana wakubwa walikasirika. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kiliamua kwamba chombo cha namna ile hakihesabiwi katika rekodi zake. Waliopenda mwendo hawakukoma. Mwaka 1939 Faure huyohuyo, safari hii akiwa ndani ya gamba, alivuka kilomita 50 kwa saa. Na mwaka 2016, kwenye barabara iliyonyooka huko Nevada, Marekani, Mkanada Todd Reichert alifikia kilomita 144 kwa saa kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, amefungiwa ndani ya gamba kama kiini ndani ya yai.

Siri yake ni hesabu ambayo sisi tulioshika chaki tuliifundisha miaka mingi. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukuzuia mara nne. Na nguvu unayohitaji ili kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane. Katika barabara tambarare ya lami, mtu aendaye kilomita 30 kwa saa hutumia takriban sehemu nne kati ya tano za nguvu zake kupigana na hewa tu. Huyo, ukimpa gamba, umempa miguu ya pili.

Basi mjukuu wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Muheza, aliona picha za vyombo hivi na moyo wake ukawaka. Alikuja na mchoro aliouchora vizuri sana. Alitaka kuunda baiskeli ya kuegemea yenye gamba zima, ili abebe iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka kwa wakulima wa huku juu hadi sokoni Muheza, bila kununua petroli. Aliomba nimpe nusu ya gharama, na fedha yenyewe ilikuwa ile ya iliki tuliyouza msimu uliopita. "Babu," aliniambia, "hata Wazungu wanakwenda nayo kazini."

Ni kweli, wanakwenda nayo. Uholanzi kuna watu ambao huenda kazini ndani ya magamba hayo kila siku. Lakini Uholanzi ni nchi tambarare, ina njia za baiskeli zilizosakafiwa, ina upepo mkali wa bahari na mvua ya baridi. Chombo kile ni mtoto wa nchi ile. Tukakaa barazani, tukachukua karatasi, tukakiuliza chombo hicho maswali ya huku kwetu.

Swali la kwanza lilikuwa la kupanda. Muheza iko kwenye mita zipatazo 200 juu ya usawa wa bahari, na Bulwa kwenye mita zipatazo 900. Tukachukua mtu, baiskeli na mzigo wenye jumla ya kilo 100, kwenye mwinuko wa mita 7 kwa kila mita 100 za njia. Akipanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, mlima humvuta nyuma kwa nguvu iliyo mara 60 na zaidi ya ile ya hewa. Hapo gamba halimsaidii, bali hugeuka mzigo. Kila kilo 10 za gamba zikipandishwa mita 700 humdai mtu wa kawaida zaidi ya dakika 11 za jasho la ziada. Wajerumani nao waliujua ukweli huu wa mlima: reli yao nyembamba iliyotoka Tengeni iliishia Sigi, chini ya kilima, na nyumba ya mkuu wa stesheni ipo pale hadi leo. Kutoka hapo kwenda Amani, mlima ulibaki kuwa mlima.

Swali la pili lilikuwa la kushuka, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Mjukuu alidhani hapo ndipo gamba lingemlipa. Tukapiga hesabu kwa mteremko uleule. Baiskeli ya kawaida ikiachiwa bila breki, hewa huizuia isipite sana kilomita 44 au 45 kwa saa. Ikivikwa gamba zuri, hesabu inapita kilomita 100 kwa saa! Kwenye barabara ya changarawe yenye kona na makorongo hakuna atakayefika huko akiwa salama. Maana yake ni kwamba kazi yote iliyokuwa ikifanywa na hewa itahamia kwenye breki, na breki zitachemka. Sisi watu wa milimani tumezoea kuulaani upepo, kumbe tuteremkapo upepo ni breki isiyonunuliwa dukani. Kijana anayeuvua upepo huo ili aende mbio kwenye mteremko wa Bulwa anauza kitu asichojua bei yake.

Swali la tatu halikuhitaji kalamu. Baiskeli huku kwetu nusu ya safari ni mkokoteni. Mwenye mzigo akifika penye mwinuko mkali hushuka, akashika usukani, akasukuma. Mvua ikinyesha, na Usambara ya Mashariki ni nchi ya mvua nyingi, udongo huteleza na mguu lazima uguse chini upesi. Aliyefungiwa ndani ya gamba zima hana pa kutolea mguu. Hata wale wa Nevada hushikiliwa na wenzao wakati wa kuondoka na kudakwa wakati wa kusimama. Nani atamdaka mjukuu wangu njiani na kilo 30 za pilipili manga?

Aidha kuna joto. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu zake kuwa kazi, zilizobaki huwa joto. Uholanzi joto hilo ni neema. Kwenye tambarare za Muheza mchana, ndani ya plastiki, ni tanuri.

Mjukuu wangu si mtu wa kunyamaza, nami nampendea hilo. Alisema, "Sawa, babu, lakini toka Muheza hadi Tanga ni lami, na upepo wa bahari unakupiga usoni. Je, huko nako?" Nikamjibu kwamba huko ana haki. Kwenye njia ile, kwa mtu mwenye mwendo, hata gamba dogo la mbele, la kilo mbili au tatu, linaloacha miguu huru na kufunguka kwa bolti nne, lingelipa gharama yake. Basi liwe la kuvuliwa, libaki karakanani Muheza siku ya kuja mlimani.

Tukaafikiana hivi: fedha ya iliki itanunua kwanza breki za diski na gia za kupandia, na fremu ataichomelea mwenyewe, ya kawaida, ya kukalia wima na yenye sehemu imara ya mizigo nyuma. Zikibaki shilingi, atengeneze gamba dogo la njia ya Tanga. Alikunja mchoro wake akautia mfukoni, hakuuchana. Sikutaka auchane.

Kwa hiyo, kwa yeyote atakayeniuliza kama gamba lina faida, jibu langu ni kumuuliza naye: unakwenda wapi, kwa mwendo gani, na nini hasa kinakuzuia? Kama ni hewa, nunua gamba. Kama ni mlima, nunua gia. Kama ni mteremko, nunua breki kabla ya kingine chochote, na uuache upepo ukupige kifuani. Rekodi za Paris na Nevada ni za kweli na ni za kusifiwa, lakini ziliwekwa mahali ambapo mlima haukualikwa. Sisi mlima tunaishi nao, na kila kilo tunayoipandisha tunailipia.