Kombe la forfe

BUNIA – Vijana wa shule moja ya sekondari hapa mjini walikataa kubeba kombe lao. Finali ya mashule ilipangwa mchana, lakini ekipe ya pili ilikuwa ya kutoka Djugu, na barabara ya taifa nambari 27 ilikuwa imefungwa tangu siku mbili sababu ya risasi. Mwamuzi alingoja, akatazama saa, akaandika forfe. Kepteni aliacha kombe juu ya meza, akaenda kukaa chini ya mti pamoja na wenzake. Hakuna aliyeimba.

Mwalimu mzee mmoja, ambaye mpaka leo anangojea pensheni yake kama wengi, akaenda kukaa nao.

«Watoto, Englebert ya 1967 munaijua?»

Hawakuijua. Wanajua Mazembe tu.

«Ni ileile.»

Akawaeleza kwamba hiyo nayo ilianza kama ekipe ya shule. Mwaka 1939, huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mapadri Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface waliwapa wanafunzi wao mupira. Ekipe ikaitwa Saint-Georges. Jina la Englebert lilikuja nyuma, ni la kampuni ya mipira ya gari. Mwaka 1966 ikashinda ubingwa wa nchi bila kupoteza mechi, ndipo ikajiongezea «Tout Puissant».

Novemba 1967 ikafika finali ya Afrika. Mwanzo wa mwezi huohuo mamluki wa Schramme walikuwa ndio kwanza wametoka Bukavu na kukimbilia Rwanda. Vita au hapana, mupira ulichezwa: Kumasi 1-1 na Asante Kotoko ya Ghana, Kinshasa 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa Yaoundé. Kotoko hawakuonekana, habari ya mechi haikuwafikia. Kombe likaenda Lubumbashi.

Kepteni akainua kichwa. «Papa mwalimu, basi hilo lilikuwa kombe la kweli?»

Mzee hakujibu haraka. Alikuwa mtoto wakati ule, alishangilia karibu na redio ya jirani bila kuuliza Kotoko wako wapi. Akasema tu kwamba mwaka uliofuata Englebert iliwapiga Étoile Filante ya Lomé 5-0, ikapoteza 4-1 kwao, ikachukua kombe tena. Mara mbili mfululizo! Klabu nyingine ya Afrika haikuweza hivyo mpaka Enyimba ya Nigeria, mwaka 2004.

«Na Kotoko?»

«Finali ya 1970 walikutana tena. Kumasi 1-1. Halafu wakatupiga 2-1 hapahapa kwetu, Kinshasa.»

Vijana wakanyamaza. Kisha mmoja akaomba kalamu. Barua kwa wenzao wa Djugu iliandikwa chini ya ule mti, fupi: njia ikifunguka mukuje tucheze, ao sisi tutakuja. Kombe liko ndani ya kabati ya prefe, halijaandikwa jina la shule yoyote.