Swali la Mama Watoto Juu ya Ukuta wa China

Waganda wana methali isemayo kwamba asiyetembea husema mama yake ndiye mpishi kuwashinda wote. Sajini mmoja wa polisi aliisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini hakuionja maana yake mpaka alipoteuliwa kwenda China kwa mafunzo ya muda mfupi. Mafunzo yalipokwisha, yeye na wenzake walipewa siku tatu za kuutazama mji wa Beijing kabla ya kupanda ndege ya kurejea Entebbe.

Usiku wa kuamkia safari, mkewe alikuwa akimkunjia mashati katika chumba chao kambini. Miaka kumi na minne walikuwa wameoana, na katika miaka hiyo vituo vya kazi vilikuwa vimebadilika mara nne. Katika uhamisho wa kwanza nyumba ilikosekana, na mama huyo alibaki nyuma na mtoto mchanga karibu miaka miwili. Alipolifunga sanduku alisema, "Baba watoto, ukiuona ule ukuta wao, niulizie jambo moja. Hao walioulinda walikuwa na wake? Na kama walikuwa nao, wake hao walikaa wapi?"

Sajini alicheka, akidhani ni mzaha. Mkewe hakucheka.

MJI USIO NA MWISHO

Beijing haimpokei mgeni kwa upole. Ina watu wapatao milioni 22, na mtu anaweza kupanda gari kwa saa nzima huku majumba marefu yakipita dirishani bila dalili ya shamba wala kichaka. Barabara kuu zimeuzunguka mji pete ndani ya pete. Hata hivyo, lililomshangaza sajini zaidi lilikuwa ukimya. Picha za zamani alizoziona shuleni zilionyesha watu wengi wakiendesha baiskeli. Baiskeli zingalipo, lakini sasa zimechanganyika na pikipiki za umeme zipitazo bila ngurumo wala moshi. Mara mbili siku ya kwanza alirukia pembeni, kwa kuwa alikuwa amezoea kuisikia bodaboda kabla ya kuiona.

Walisafiri kwa treni za chini ya ardhi. Njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1969, nayo ilikusudiwa pia kuwa kinga ya watu wakati wa vita. Leo njia hizo zina urefu wa zaidi ya kilomita 800. Katika kila kituo mfuko wa kila abiria hupitishwa katika mashine ya ukaguzi, awe mzee mwenye kabichi au kijana mwenye vitabu. Sajini, ambaye alikuwa amekagua mifuko mingi maishani mwake, alisimama akawatazama wale wakaguzi. Hawakufoka, na abiria hawakununa. Mstari ulisogea kama maji katika mfereji.

Asubuhi hiyohiyo njaa ilimfundisha jambo jingine. Kando ya njia mama mmoja alikuwa akimimina uji wa unga juu ya bamba la moto, akapasulia yai, akapaka mchuzi, akatia majani ya kitunguu, kisha akakunja. Wachina huiita jianbing. Mganda yeyote angesema hiyo ni rolex iliyopotea njia. Sajini alitoa noti ya yuan 100. Mama yule akatikisa kichwa, hakuwa na chenji, maana wateja wake wote walilipa kwa simu. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma akanyosha simu yake, akamlipia, akaondoka kabla ya kushukuriwa sawasawa. Ukarimu hauna pasipoti.

NYUMBA YA WAFALME

Kulipokuwa bado na giza siku ya pili, walikwenda katika Uwanja wa Tiananmen kuona bendera ikipandishwa. Hapo ndipo Mao Zedong alipotangaza kuundwa kwa Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949. Bendera hupandishwa jua linapochomoza na kushushwa linapotua, na tangu Januari 1, 2018 kazi hiyo ni ya gwaride la heshima la jeshi. Umati ulijaa, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao. Vijana wale walipotoka langoni kwa mwendo wa gwaride, kisigino kimoja kikilia kwa wote, sajini alijikuta amesimama wima, vidole vimenyooka kandokando ya suruali.

Ng'ambo ya barabara ndipo lilipo kasri la wafalme, ambalo zamani liliitwa Mji Ulioharamishwa, kwa kuwa raia wa kawaida hakuruhusiwa kuvuka lango lake. Lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, na wafalme 24 wa koo za Ming na Qing walitawala kutoka humo. Mwaka 1925 liligeuzwa makumbusho, na siku hizi yeyote aweza kuingia, mradi awe amejiandikisha mapema kwa pasipoti yake. Tangu ukuta wa kusini hadi wa kaskazini ni karibu kilomita moja, na handaki la maji lililolizunguka lina upana wa mita 52.

Mgeni huvuka lango, akauona ua mpana uliosakafiwa kwa mawe. Hudhani amefika, kumbe mbele yake lipo lango jingine na ua mpana kuliko ule wa kwanza. Milango mikubwa myekundu ina misumari ya rangi ya dhahabu, mistari tisa ya misumari tisatisa. Katika nyua kuu hamna mti hata mmoja. Jua linapowaka, mtu hujiona mdogo kama chungu juu ya meza, na hapana shaka ndivyo wajenzi walivyotaka.

Binti aliyewaongoza, ambaye alizungumza Kiingereza safi, aliwaambia jambo lililowafurahisha. Mfalme Yongle, aliyeamuru kasri hilo lijengwe, ndiye aliyezituma merikebu za jemadari Zheng He zilizofika hata pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 aliletewa twiga kutoka Malindi, na watu wa baraza wakamdhania kuwa ndiye mnyama wa heri wa hadithi zao.

Sajini alitazama mapipa makubwa ya shaba na chuma yaliyopangwa mbele ya kumbi. Yalijazwa maji ya kuzimia moto, na wakati wa baridi kali makaa yaliwashwa chini yake ili maji yasigande. Kazi ya zamu hiyo! Ndipo lile swali la mkewe lilipomrudia. Akauliza, "Walinzi wa hapa walilala wapi?"

Binti alieleza kwamba upande wa nyuma wa kasri waliishi malkia, masuria na watoto wa mfalme. Usiku, mwanamume mzima hakubaki humo ila mfalme mwenyewe. Waliosalia walikuwa matowashi watumishi. Walinzi walikaa nje. Sajini aliyatazama majumba yale ya nyuma, yenye bustani na mivinje ya kale. Mtu mmoja tu katika kasri lote ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kulala na jamaa zake.

KILIMA CHA MTI

Nyuma ya kasri kuna kilima cha Jingshan. Kiliinuliwa na watu, kwa udongo uliochimbwa katika lile handaki la maji. Ukipanda juu, mapaa ya manjano ya kasri hutandaa chini yako kama shamba la alizeti. Mwishoni mwa ngazi za mashariki panaonyeshwa mti. Hapo, mwaka 1644, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Ming, Chongzhen, alijinyonga waasi walipoingia mjini.

Sajini alishangaa. Mfalme mwenye ukuta mrefu kuliko zote duniani alishindwaje? Binti akajibu kwamba hao waasi hawakutoka ng'ambo ya ukuta. Walikuwa Wachina wenyewe. Kiongozi wao, Li Zicheng, alikuwa mtumishi wa kawaida katika vituo vya tarishi wa serikali, na vituo hivyo vilipopunguzwa ili kuokoa fedha akakosa kazi. Hazina ilikuwa tupu, na askari wengi walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Baada ya mfalme kufa, jemadari Wu Sangui aliyelinda lango la Shanhaiguan, mwisho wa ukuta upande wa bahari, alilifungua mwenyewe, na jeshi la Wamanchu likapita. Ukuta haukubomolewa. Ulifunguliwa kutoka ndani.

Wenzake walipiga picha wakashuka. Yeye alibaki kidogo chini ya ule mti.

JUU YA UKUTA

Siku ya tatu walipanda basi kuelekea Mutianyu, kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya mji. Hapo ukuta hupita juu ya migongo ya milima kama nyoka aliyelala, na minara ya ulinzi imesimama umbali wa kuitana. Ngazi hazilingani. Moja yafika kwenye kifundo, inayofuata yafika gotini. Sajini, aliyejivunia mbio zake za kila alfajiri, alihema kama mvukuto.

Binti aliwaeleza namna habari zilivyopelekwa. Mchana ilitumiwa moshi, usiku moto. Kwa kanuni ya zama za Ming, moshi mmoja na mlio mmoja wa mzinga maana yake maadui wapatao mia moja. Miwili, mia tano. Mitatu, zaidi ya elfu. Mnara mmoja uliufuata mwingine, habari ikakimbia kuliko farasi.

Sasa sajini akauliza lile swali lote, bila kulipunguza. Binti alinyamaza, kisha akasema majibu yako mawili.

La kwanza ni hadithi ambayo kila mtoto wa China huijua. Zamani za mfalme Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, mume wa Meng Jiangnü alichukuliwa kwa nguvu kwenda kujenga ukuta. Baridi ilipokuja, mkewe alimshonea nguo nzito, akazibeba kwa miguu nchi nzima. Alipofika aliambiwa kwamba mumewe amekwisha kufa, naye amezikwa ndani ya ukuta. Akalia mpaka kipande cha ukuta kikaanguka na mifupa ikaonekana. "Ni hadithi tu," alisema binti, "na ukuta huu tuliosimama juu yake ulijengwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Lakini watu hawakuiacha hadithi hiyo."

Jibu la pili ni la historia. Mwaka 1568 jemadari Qi Jiguang alipewa kazi ya kuulinda upande huu wa kaskazini. Aliwakuta askari wakisimama juu ya ukuta katika jua na theluji, bila mahali pa kujisitiri. Akajenga minara yenye vyumba ndani, ambamo mlinzi aliweza kulala, kupika, na kuweka silaha na chakula. Akaleta askari wake wa zamani kutoka mkoa wa Zhejiang, mbali sana kusini. Wazee wa vijiji vilivyo chini ya ukuta, upande wa mashariki katika mkoa wa Hebei, husimulia kwamba askari hao walikuja na wake zao. Hata leo zipo familia huko zinazojitambua kuwa ni kizazi chao, na minara mingine huitwa kwa majina ya koo zao.

Sajini aliingia katika mnara uliokuwa karibu. Ndani palikuwa na ubaridi na kivuli. Aliugusa ukuta wa matofali, akapima kwa macho mahali ambapo kitanda kingekaa, na mahali ambapo mama angeweka jiko.

SIMU YA USIKU

Usiku huo, saa nne Beijing, kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alimpigia mkewe simu akamweleza yote: bendera, twiga wa Malindi, mti wa mfalme, na yale majibu mawili. Alisimulia kwa madaha, akingoja kusifiwa.

Mkewe alikaa kimya, kisha akauliza, "Na zile nguo za baridi alizozishona, alimpa nani?"

Sajini hakuwa na jibu. Alikumbuka kwamba katika ile miaka miwili ya upweke, mkewe alimfumia fulana ya sufu, akaituma kwa dereva wa lori. Yeye aliipokea, akaivaa, wala hakuandika hata mstari mmoja wa kusema kwamba imefika. "Ile fulana yako ilifika," alisema. "Ilinikinga na baridi msimu mzima wa mvua."

"Najua ilifika," mkewe alijibu. "Nilitaka kukusikia ukisema."

Tangu alipokwisha kurudi kazini, sajini amekuwa na desturi mpya. Kijana wa chini yake anapoletewa barua ya uhamisho, yeye humwita ofisini, humkalisha, na kabla ya neno jingine humwuliza, "Mkeo na watoto watakaa wapi?" Mara nyingi hana nyumba ya kumpa. Hata hivyo huuliza, huliandika jibu katika daftari, na huwasumbua wakubwa wake mpaka chumba kipatikane, au mpaka angalau ruhusa ya kwenda nyumbani iwekewe tarehe. Wenzake humtania kwamba alikwenda China akarudi mshenga. Yeye hucheka, akaendelea kuandika.

Mawe na chokaa hulinda mpaka kwa siku zao. Mlinzi ambaye nyumba yake imesimama hulinda kwa moyo, na nyumba hiyo haisimami kwa mshahara pekee. Husimama pia kwa mistari miwili ya barua iandikwayo na mume aliye mbali, kumwambia mkewe kwamba kile alichokituma kimefika.