Robo Peni ya Mwenye Duka

Treni ya kwenda Norwich huondoka stesheni ya Liverpool Street, London, na huchukua karibu saa mbili. Shemeji alinipokea akiwa na viatu vya mvua na ile mashine yake ya kutambua metali, ambayo nilikuwa nikiisikia tu kwenye simu. Kwanza tulipita kwa mkulima, kwa kuwa shemeji hakanyagi shamba la mtu bila ruhusa, na wameandikiana kabisa nani atachukua nini kikipatikana. Ngano ilikuwa imevunwa na udongo u wazi.

Asubuhi tuliokota misumari, vifungo na vizibo vya bia. Baada ya chakula mashine ikalia kwa sauti kali, ya shaba.

“Chimba pembeni, shemeji, usije ukaikwaruza.”

Kikatoka kisahani chembamba, hakifiki ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hakikuwa na sura ya mfalme. Mimi nilivunjika moyo, yeye ndiyo kwanza akachangamka.

Akanieleza kwamba Uingereza ya karne ya 17 ilikosa chenji. Mwaka 1644 Bunge lilisimamisha robo peni za shaba zilizokuwa zikitolewa kwa kibali cha mfalme, na maskini hanunui mshumaa kwa sarafu ya fedha. Kuanzia 1648 wenye maduka wakajifulia zao. Dukani kwetu ukikosa chenji unapewa peremende. Wao walitoa kipande cha shaba chenye jina la muuzaji, ukirudi anakipokea. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa nusu peni na robo peni za shaba za serikali, za wenye maduka zikapigwa marufuku. Kwa hiyo hata sarafu ya duka isiyo na mwaka, umri wake umebanwa ndani ya miaka hiyo 24.

Jioni tuliiosha sarafu yetu kwa maji matupu. Siki na brashi ya waya hula maandishi, na maandishi ndiyo mali yenyewe. Upande mmoja palikuwa na mtu akichovya mishumaa, na pembeni mabaki ya jina. Upande wa pili palikuwa na herufi tatu: H juu, T na M chini. Hapo ndipo nilipokaa kitako. H ni ukoo, T ni mume, M ni mke! Mke wa muuza mishumaa ameandikwa kwenye pesa, jambo ambalo sikulitarajia kwa zama zile.

Herufi ya mke hupunguza miaka: ukipata ndoa yao katika daftari la kanisa, sarafu haiwezi kuitangulia. Thamani nayo husaidia, maana nusu peni nyingi ni za miaka ya 1660, na aghalabu huandikwa hivyo waziwazi. Yetu ilikuwa robo. Jina hutafutwa katika orodha ya sarafu hizo ya William Boyne ya 1858, iliyopanuliwa baadaye na George Williamson. Shemeji alikuwa ameshaandika mahali hasa ilipotoka, ampelekee afisa wa mpango wa kuorodhesha vitu vya kale, ulioanza 1997. Sarafu isiyojulikana ilikotoka, kwangu mimi, ni shaba chakavu.

Nawe msomaji, ukitamani mchezo huu, usiende na mashine Kilwa Kisiwani. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba.